Mfumo wa pamoja wa ajira shuleni: shule zichange au Wizara ilipe?
TSC, tume ya kuajiri walimu Kenya, hupokea maombi ya walimu mtandaoni, lakini wapishi, makarani na walimu wa BOM (wanaolipwa na shule yenyewe) bado huajiriwa na bodi za shule. Hapa Kisumu nimemwona dada akizunguka shule tatu kwa boda na bahasha za kaki, nauli yote ikiishia njiani. Inauma. Mfumo mmoja wa mtandaoni wa kupokea maombi ya shule zote ungemwokoa; swali ni nani aulipie.

Shule zikichanga kulingana na idadi ya wanafunzi, mfumo ukikwama zinamwita fundi zenyewe. Ila mgao wa serikali ukichelewa, mchango huo ndio hukatwa kwanza, na shule ndogo za Nyakach huumia. Wizara ya Elimu ikilipa, gharama inaziondokea shule. Matunzo ya mfumo ndiyo shida, maana seva hulipiwa kila mwaka.

Shule kubwa zinazoaminiana, changeni. Ndogo, isukumeni Wizara kabla ya Julai 1, mwaka wa bajeti unapoanza.