Daraja la I-35W, Minneapolis: aliyechora ndiye aliyejenga

Natoa nyota nne kati ya tano. Mimi ni dereva wa teksi hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na kabla ya kushika usukani nilishika mwiko, kwa hiyo habari za zege si ngeni kwangu. Daraja ninalolizungumzia ni lile la barabara kuu ya I-35W juu ya mto Mississippi. Jina lake rasmi ni St. Anthony Falls, ila sijasikia abiria hata mmoja akiliita hivyo.

La zamani lilianguka tarehe 1 Agosti 2007, saa kumi na mbili na dakika tano jioni, magari yamebanana. Watu 13 walikufa, 145 wakaumia. Wachunguzi walikuja kusema kosa lilianzia kwenye ramani miaka ya 60: mabamba ya chuma ya kuungia viungo yalichorwa unene wa nusu inchi, karibu nusu ya uliohitajika. Na siku ile juu yake kulikuwa na shehena ya mchanga na mashine za ukarabati. Mchoraji alikosea, mjenzi akajenga alichochorewa, likasimama hivyo hivyo miaka 40.

Jipya walilitoa kwa mkataba wa sanifu na jenga, yaani wachoraji na wajenzi wanaomba kazi kama mtu mmoja. Walikuja wanne. Wa bei ya chini kabisa alitaka kiasi cha dola milioni 177 na siku 367. Aliyepewa, Flatiron-Manson pamoja na wasanifu wa Figg, alitaka karibu milioni 234 na siku 437. Ghali kuliko wote, na hakuna aliyeomba siku nyingi kumzidi! Kwenye foleni ya teksi pale uwanja wa ndege tulisema yote ya kusema kuhusu nani kala nini.

Baadaye nikaelezwa hesabu yenyewe. Unachukua bei, unaongeza dola 200,000 kwa kila siku anayoomba, halafu unagawanya kwa alama za ubora wa pendekezo lake. Wao walipata alama 91 na ushei, anayewafuata hakufika 70. Ukipiga hesabu, ghali anatoka rahisi. Kesi ya kupinga uteuzi huo ilifika hadi mahakama ya juu ya jimbo na serikali ikashinda. Mimi bado naona alama za ubora ni mahali pazuri pa kuficha upendeleo, lakini sina ushahidi.

Kilichonibadilisha mawazo ni nyumba ya mama. Tuliijenga Kisauni, mchoraji wangu, fundi wa ndugu yangu. Slabu ikavuja juu ya sebule. Mchoraji akasema fundi hakufuata ramani, fundi akasema ramani ndiyo mbovu, na ndoo ikabaki pale chini ikikinga maji misimu miwili ya mvua. Kila nikipiga simu mama ananiambia, "Mwanangu, leo nimeimwaga mara tatu." Katika sanifu na jenga hakuna wa kusukumiwa lawama. Na hakuna kungoja ramani yote iishe: hapa walianza kuchimba misingi huku sehemu za juu zingali mezani kwa wasanifu.

Jumamosi nilikuwa naegesha gari naenda kusimama kwenye daraja la jirani, la 10th Avenue, ambako watu wa mradi walikuwa wakija kumweleza yeyote kinachoendelea. Watoto, wazee, mimi na kahawa yangu. Vipande 120 vya zege vilimwagwa kwenye barabara yenyewe iliyofungwa upande wa kusini, wakati wa baridi, chini ya mahema yenye joto. Mwishoni mwa Mei 2008 tishari likaanza kuvisogeza, winchi inanyanyua kimoja kimoja hadi pande mbili zikakutana katikati ya mto. Aliyewahi kumwaga zege ajue: kumwaga kwenye theluji si mchezo.

Walifungua tarehe 18 Septemba 2008, saa kumi na moja alfajiri, zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya mkataba, wakalipwa na bonasi ya mamilioni. Leni kumi, nafasi ya kubeba treni siku za mbele, vihisio 323 vya kulipima afya. Kwangu faida ilikuwa moja tu: kuachana na kuzunguka kwa barabara ya 280, abiria akiitazama mita kama inayomwibia.

Jamaa wa nyumbani wakiniuliza kama mtindo huu utafaa kwao, huwa nauliza kwanza nani atasimama upande wa mwenye mali. Hapa jimbo liliandika masharti kabla ya kumwita mkandarasi, na lilikuwa na wakaguzi wake. Bila hao, aliyechora na aliyejenga watakubaliana wao kwa wao, nawe utaletewa bili.

Ile nyota moja nimeibana kwa sababu ukiwa ndani ya gari daraja lote hulioni. Mwezi uliopita abiria kutoka nje ya jimbo aliniuliza tutalifikia lini lile daraja lililoanguka. Tulikuwa tumeshalipita.