Springi au hewa ya mtungi? Uzoefu wangu na HW97K na HW100

Bunduki hizi mbili za upepo zinatoka kiwanda kimoja, Weihrauch cha Ujerumani: HW97K hutumia springi, HW100 hutumia hewa iliyojazwa kutoka kwenye mtungi. Hapa Uingereza kwa kawaida zote huuzwa chini ya kikomo cha nguvu cha futi-pauni 12, yaani jouli 16.27, ambacho England na Wales hakidai leseni. Scotland unahitaji cheti tangu mwisho wa 2016. Nazitumia zote mbili kwa kipenyo cha inchi .177 na risasi ileile, JSB Exact yenye uzito wa grani 8.44. Kwa nguvu ya futi-pauni 11.5 risasi hiyo hutoka na kasi ya mita 239 hivi kwa sekunde, iwe imesukumwa na springi au na hewa ya mtungi. Upepo wa pembeni basi huipeperusha sawasawa, na anayekwambia bunduki ya mtungi inapasua upepo hajapima. Tofauti yote iko kabla risasi haijatoka mtutuni.

HW97K inakokiwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu: unavuta mara moja, unaweka risasi moja, unafyatua. Pistoni inaruka mbele, bunduki inarudi nyuma. Pistoni ikifika mwisho na kugota kwenye mto wa hewa, bunduki inatupwa mbele. Mitikiso hii inaanza risasi ikiwa bado ndani ya mtutu, na hapo ndipo anayeibana kwa nguvu anapokosa. Iache icheze. Kiganja kiwe wazi chini ya mbao ya mbele, vidole visiishike, shavu liguse kitako bila kukandamiza, na kiganja kikae palepale kila mara. Ukikisogeza hata sentimita 5, matundu yanahama kwenye karatasi. Usiilaze juu ya mfuko mgumu wa mchanga. Weka mkono wako kati ya bunduki na mfuko.

Wakati wa kuweka risasi, mkono mmoja ushikilie wenzo muda wote. Wenzo ukiponyoka, silinda inayoteleza inakata kidole.

Ikianza kutawanya risasi ghafla, usilaumu mtutu kwanza. Angalia skrubu mbili za pembeni kwenye mbao ya mbele na zile za kinga ya kifyatulio, maana mtikiso huzilegeza. Safisha nyuzi zake (mizunguko ya skrubu) kwa spiriti, tia gundi ya nyuzi isiyo kali, kaza. Kisha angalia kama darubini imetambaa nyuma. Bunduki ina vitundu juu ya silinda vya kuingizia pini ya kuizuia, vitumie. Nunua pia darubini iliyotengenezwa kwa bunduki za springi, kwa sababu ule mtupo wa mbele unavunja lenzi za darubini nyingi zinazostahimili teke la bunduki ya baruti bila shida.

Ikiwa mpya inaweza kutoa moshi na harufu ya mafuta kwa risasi mia kadhaa za mwanzo. Ni grisi ya kiwandani inayoungua mbele ya pistoni. Usidondoshe mafuta kwenye tundu la hewa: yatalipuka, kasi itayumba na nguvu inaweza kuvuka kikomo cha sheria. Wala usifyatue bila risasi, kwani pistoni itakosa mto wa hewa na kugonga mwisho wa silinda kwa nguvu.

HW100 haina mtikiso wa kukusumbua. Magazini inabeba risasi 14, regulata inasawazisha hewa ya kila mlio, na hata ukiilaza juu ya mfuko inapiga palepale. Kwa shabaha za mita 40, na hasa ukiwa umesimama, inanipa raha ambayo springi hainipi. Lakini inaomba hewa. Inajazwa hadi shinikizo la baa 200. Tuseme silinda yake ya hewa, iliyo chini ya mtutu, ni ya sentimita za ujazo 150 na unaijaza kutoka baa 110: inataka lita 13.5 za hewa ya kawaida. Mtungi wa lita 3 wenye baa 300 utaijaza kikamilifu takriban mara 20, baada ya hapo kila ujazo unapungua. Pampu ya mkono inawezekana, ila pumzika kila baada ya dakika chache na utoe unyevu, la sivyo oringi zake (pete za mpira zinazozuia hewa kuvuja) zinaungua na maji yanaingia kwenye silinda.

Fungua valvu ya mtungi polepole sana. Hewa ikiingia kwa kasi inapata moto, na geji itashuka ikipoa. Kila oringi ipakwe grisi ya silikoni tu, kidogo mno. Mafuta au grisi itokanayo na petroli ikikutana na hewa ya shinikizo kubwa inaweza kuwaka. Ikiwa mlio wa kwanza wa siku unapiga tofauti na inayofuata, huenda regulata inavujisha. Mpelekee fundi, usiifungue ikiwa na hewa.

Kwa bustani ya mita 25, mimi naichukua HW97K. Kila tundu zuri umelifanyia kazi, na huhitaji kitu kingine zaidi ya kopo la risasi. Anayetaka HW100 aweke pembeni bei ya mtungi kabla hajalipia bunduki.

Kabatini, HW97K ilale bila kukokiwa, na HW100 ibaki na hewa kidogo ili oringi zikae mahali pake. Ufunguo usifikiwe na aliye chini ya miaka 18, maana hilo ni sharti la sheria.