Waya za meno: kabla hujachagua, uliza kuhusu viraba

Wiki moja baada ya kufungwa waya za kauri nilikwenda kwa shangazi, Tanga, nikapakuliwa wali na samaki wa kupaka. Kesho yake kwenye kioo nikakuta breketi, vile vipande vinavyobandikwa kwenye meno, ni nyeupe kama nilivyozilipia, ila kila moja imezungukwa na kiduara cha njano, rangi ile ile ya manjano inayobaki kwenye kucha ukila kwa mkono. Niliongeza pesa juu ya bei ya chuma ili zisionekane, na sasa zilikuwa zinaonekana kuliko chuma.

Wengi mnaoniandikia mnauliza maumivu na muda. Hayo daktari atawaeleza. Asichokitaja ni kiraba. Breketi hubandikwa kwenye jino, waya hupita katikati, na kiraba kidogo cha mviringo ndicho kinachoishika isitoke. Kauri haishiki rangi kirahisi. Kiraba kinashika manjano, chai, kahawa, mchuzi wa nyanya. Na hakibadilishwi mpaka urudi kukazwa, wiki 4 hadi 6. Piga hesabu hiyo kwa miezi 18 au 24, pamoja na harusi zote za ukoo.

Namba moja kwangu ni waya za chapa ya Damon, na sifichi. Breketi zake zina kimlango kinachojifunga juu ya waya, kiraba cha kufungia hakuna. Mdogo wangu anazo mwaka wa pili huu, anakula urojo na pilau, na ukimtazama karibu huoni njano. Ukiambiwa zinanyoosha haraka kuliko nyingine, usizilipie kwa sababu hiyo, tafiti hazijathibitisha. Lipia kimlango.

Namba mbili ni chuma za kawaida. Chagua viraba vya kijivu au bluu iliyokoza; vyeupe na vinavyopitisha mwanga ndivyo vinavyoharibika. Au omba ufungwe kwa kiwaya chembamba cha chuma badala ya kiraba. Hili la kiwaya nililisikia mwezi wa tano tangu nifungwe, baada ya kulalamika. Lilikuwapo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyefungua mdomo.

Invisalign, ile plastiki angavu inayovikwa juu ya meno badala ya waya, naiweka ya tatu. Ni nzuri, lakini inataka saa 20 hadi 22 kwa siku mdomoni, unaivua kula na kunywa chai, maana chai ya moto hupinda plastiki. Nyumba yenye chai mara nne kwa siku, fikiria vizuri.

Kauri ni ya mwisho. Zaidi ya viraba, huvunjika upesi, na ni ngumu kuliko jino, hivyo zikiwekwa kwenye meno ya chini zinaweza kusaga meno ya juu yanapozigonga.

Zile za bei chee za kujibandika mwenyewe, zinazouzwa mtandaoni kama urembo: hapana.

Kinachoniuma hadi leo ni neno "kuanzia" kwenye bei. Siku ya kufunguliwa, nikiwa bado kwenye kiti, ndipo nikaambiwa riteina, kifaa cha kushikilia meno yasisogee waya zikitoka, inalipiwa peke yake. Bila kuivaa meno hurudi yalikotoka, kwa hiyo ningekataaje? Dai karatasi moja kabla hujatoa hata shilingi, iandikwe kufunga, kila ukirudi kukazwa, breketi ikibanduka, na riteina.