Uzoefu wangu na hita ya umeme ya kulinda mashine na dawa za mazulia dhidi ya baridi ya Minnesota

Ninasafisha mazulia katika eneo la Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, na mashine yangu imefungwa ndani ya gari la kazi pamoja na pampu, matangi, mipira ya kupitishia maji na rafu ya dawa. Baridi ya huku haina huruma kwa chombo chochote chenye maji: tarehe 30 Januari 2019 halijoto mjini ilishuka hadi takribani nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Hita ninayoieleza hapa ndiyo inayoamua iwapo kesho yake nitaingia kazini au nitamtafuta fundi wa pampu.

Ni hita ya wati 1,500, ya aina yenye mapezi ya chuma na mafuta yaliyofungiwa ndani. Mafuta hayo hayachomwi wala hayaongezwi. Umeme huyapasha moto, nayo huutoa polepole kwa muda mrefu. Niliipendelea kwa sababu haina waya mwekundu ulio wazi, jambo ambalo kwangu ni la kwanza, kwani baadhi ya viyeyushi vya kuondolea madoa hutoa mvuke unaoshika moto. Hata hivyo viyeyushi hivyo sivilazi garini, hita iwepo isiwepo. Hita za gesi sikuzifikiria kabisa, kwa kuwa ndani ya gari lililofungwa huweza kujaza hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua.

Kwa umeme wa Marekani wa volti 120, hita hii huweza kuvuta ampea 12.5 mfululizo usiku kucha, mzigo ambao waya mwembamba wa nyumbani hauuwezi bila kupata moto. Fundi umeme mwenye leseni aliniwekea ingizo la umeme ubavuni mwa gari, waya mnene, na soketi inayojikata yenyewe umeme unapovuja kwenye maji. Gharama yake ilizidi bei ya hita, lakini nisingekubali kulala usingizi bila kazi hiyo kufanyika.

Kuhusu joto lenyewe, nimeridhika. Asubuhi pampu hugeuka bila kukwama na mipira hubaki laini. Dosari kubwa ni themostati, yaani kifaa kinachoiwasha na kuizima hita kulingana na joto: kitufe chake cha kuzungusha kina namba tu, hakina nyuzi, na hupima hewa iliyo karibu na hita yenyewe. Hita inaweza kujizima ikiridhika na joto lake huku sakafuni, karibu na mlango wa nyuma, maji yakikaribia kuganda. Kwa hiyo niliweka kipimajoto kidogo pale chini mlangoni, chenye kutuma onyo kwenye simu joto likishuka hadi nyuzi 5 za Selsiasi. Bila kipimajoto hicho, hita hii ningeipa nusu ya sifa ninazoipa. Kwa upande mwingine, kitufe hicho cha kizamani kina faida: umeme ukikatika na kurudi, hita huendelea pale ilipoishia, ilhali nyingi zenye skrini na vitufe vya kubonyeza hubaki zimezima hadi mtu aziwashe. Anayenunua aliulizie jambo hili dukani kabla ya kulipa.

Mahali pa kuegesha gari pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Upepo hauwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa iliyopo, lakini hulipokonya gari joto lake haraka sana, na hita hulazimika kufanya kazi bila kupumzika. Mimi huegesha mlango wa nyuma ukiwa umeelekea ukuta.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vitu vidogo. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 9, na tone lililobaki ndani ya valvu au kiungio cha mpira linatosha kukipasua; ufa wake hauonekani hadi pampu iwashwe na maji yaanze kuchuruzika kwa presha. Dawa nazo huharibika kimyakimya. Dawa ya kukinga zulia dhidi ya madoa, ikiganda kisha ikayeyuka, mara nyingi hujitenga kama maziwa yaliyokatika, na kuitikisa hakuirudishi katika hali yake. Ukiipulizia zuliani, mteja amelipia kinga asiyoipata. Ndiyo maana dawa za majimaji huziingiza ndani ya nyumba kila jioni, juu ya rafu ambayo watoto hawaifikii, na kuacha garini zile za unga tu, mradi mifuko yake imefungwa isiingie unyevu.

Ikitangazwa dhoruba inayoweza kukata umeme, siitegemei hita. Humwaga maji yote, kisha huzungusha kwenye mashine antifrizi (kimiminika cha kuzuia kuganda) ya waridi ya propilini glaikoli, ile inayouzwa kwa ajili ya magari ya kulala na mashua. Ile ya injini yenye ethilini glaikoli ni sumu kwa watoto na wanyama, na haifai kabisa katika mashine inayomwaga maji pale mtoto anapotambaa. Maandishi ya nyuzi 50 za Farenhaiti chini ya sifuri kwenye dumu la ile ya waridi yanahusu kuzuia mabomba yasipasuke. Kimiminika chenyewe huanza kuganda nusunusu mapema zaidi, kwa hiyo asubuhi hungoja gari lipate joto kabla ya kuwasha pampu, na maji ya kwanza huyatolea kwenye ndoo hadi rangi ya waridi iishe ndipo ninapoingia kwa mteja.