Rangi ya kava za injini ya pikipiki ya matope: niliyobaki nayo baada ya kutumia aina tatu

Kwa kava za injini za Yamaha DT125 na pikipiki nyingine zinazopitishwa kwenye matope na vumbi jekundu la Uganda, nimetumia rangi ya kopo la spreyi, rangi ya unga inayochomwa kwenye oveni, na rangi ya kuchanganya na hadina (kimiminika kinachoifanya rangi ikomae na kuwa ngumu). Niliyobaki nayo ni hii ya mwisho: praima (rangi ya kwanza, ya kushika chuma) ya epoksi chini, rangi ya poliyurethani juu. Haing'ai kuliko nyingine na wala si rahisi kuipiga, ila ndiyo inayodumu, na ikichubuka inazibika.

Dukani utaulizwa kwanza, "Ya digrii ngapi?" Swali hilo limewapoteza wengi. Kava ya injini inayopozwa na hewa hucheza kati ya nyuzi 90 na 130 za Selsiasi hivi. Rangi ya ekzosi iliyoandikwa 600 imetengenezwa kwa silikoni na haikomai mpaka ipashwe moto kwa hatua, kupita nyuzi 200. Kava haifiki huko, kwa hiyo rangi hubaki laini, na petroli ikiidondokea kutoka kabureta, rangi hiyo inafutika kwa kitambaa kama wanja. Ukilazimika kutumia kopo, chukua lililoandikwa kuwa ni la injini. Rangi ya injini ya chapa ya VHT, kwa mfano, hukomaa kwa nyuzi 93 kwa dakika 20, moto ambao oveni ndogo ya umeme inaufikia. (Si ile ya kupikia, tafadhali.)

Joto si adui mkubwa hapa. Rangi inaliwa na buti, hasa kwenye kava ya klachi na ya magneti. Matope yenye mchanga yakikaa kati ya kiatu na kava yanageuka msasa. Baada ya hapo kuna petroli, mawe ya gurudumu la mbele, na bomba la presha kwenye sehemu za kuoshea, linalopenya pale rangi ilipokwisha kupasuka na kuinyanyua.

Kazi yenyewe iko kwenye maandalizi. Osha kava kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo kabla ya kugusa msasa. Ukisugua kwanza, unaisukuma oili ndani ya vitundu vya chuma. Petroli haitoshi kusafishia, inaacha utando wa mafuta. Mafundi wengine hutumbukiza vyuma kwenye soda kali ya kusafishia rejeta. Kwa kava za alumini, kataa: soda inaila alumini, povu linapanda, chuma kinatoka cheusi na nyuso za gasketi zinaharibika. Hata brashi ya waya wa chuma usiitumie, kwani inaacha chembe zinazoota kutu chini ya rangi.

Ukipeleka kwa wapiga mchanga, omba shanga za kioo au oksidi ya alumini laini, na presha ya chini. Mchanga wa kawaida unachimba alumini na unajificha kwenye njia za oili, na punje moja tu inatosha kuua beringi. Ziba kila tundu kabla, halafu puliza na uoshe kila njia baadaye. Bila mashine, msasa namba 120 kisha 240 unatosha, mradi pasibaki sehemu inayometa. Futa kwa thina ukitumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kukausha kabla thina haijaruka. Kuanzia hapo usiiguse kwa mkono mtupu.

Jambo moja la kuangalia mapema: pikipiki kadhaa za mashindano zina kava za magnesi (magnesiamu), chuma chepesi kinachofanana na alumini. Kwangua sehemu ndogo upande wa ndani na udondoshe siki. Ikitoa povu, ni magnesi, na hiyo haipigwi msasa wala mchanga karibu na cheche, kwa sababu vumbi lake linashika moto. Ipigwe epoksi siku hiyohiyo.

Kwa kava mbili, mililita 100 za mchanganyiko kwa kila aina ya rangi zinatosha, pamoja na zinazopotea kwenye bunduki. Pima kwa sindano ya duka la dawa. Poliyurethani ya nne kwa moja ni mililita 80 za rangi na 20 za hadina. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoleta rangi inayonata wiki nzima. Epoksi ipige mikono miwili myembamba, na uweke rangi ya juu ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukipita, sugua kwa msasa 320 kwanza. Usiweke epoksi juu ya praima ya asidi (ile inayouma chuma ili rangi ishike) kama mtengenezaji hajaruhusu, maana asidi inaizuia kukomaa.

Unyevu ndio unaosumbua Kampala. Hadina ya poliyurethani inagombana na maji, na ukipiga asubuhi yenye ukungu au mvua ikikaribia, rangi inafifia au inatoa vipovu. Ngoja jua la mchana, na toa maji kwenye tangi la kompresa. Hadina hiyo ina isosayaneti, inayoharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haisaidii kitu. Tumia yenye vichungi vya mvuke, na upige mahali pa wazi. Kama huna, mpe mwenye chumba cha kupigia magari.

Rangi ya unga ni ngumu na nzuri, na wanaopaka fremu za madirisha ya alumini wana oveni za nyuzi 180 hadi 200 tayari. Shida ni tatu. Lazima utoe beringi, oili sili na kioo cha kuangalia oili, vinginevyo vinaharibika. Kava kuukuu ina oili ndani ya chuma, hivyo ichomwe tupu kwanza hadi oili itoke kama jasho, isafishwe tena, ndipo ipakwe. Wengi wanaruka hatua hii na unapata vitundu kila mahali. Ya tatu ni unene: ukibaki chini ya vichwa vya bolti unapondeka, na bolti ya M6 uliyoikaza kwa Nm 10 inalegea. Ziba nyuso hizo na zile za gasketi. Mapezi ya silinda usiyapake unga kabisa.

Cerakote ya oveni, rangi nyembamba yenye kauri, ni bora kuliko zote kwa wembamba na ugumu, nyuzi 121 kwa saa mbili, lakini ni ya kuagiza na inataka maandalizi yasiyo na msamaha.

Pale buti linapogusa, hakuna rangi itakayodumu. Weka kinga ya plastiki ya Polisport, au bandika kwa silikoni kipande cha tyubu ya gari. Usifunge kabureta kabla ya siku saba, petroli isije ikadondokea rangi ambayo haijakomaa, na hifadhi mililita chache za rangi na hadina katika chupa tofauti zilizofungwa vizuri, kwa ajili ya kuziba michubuko.