Uzoefu wangu na matengenezo ya barabara na mitaro mtaani: viraka nyota tatu, mitaro nyota moja na nusu

Ninachokipima hapa ni mtaa mmoja wa Dar es Salaam wenye barabara ya lami ya upana wa mita sita, mtaro wa zege upande mmoja na njia ya waenda kwa miguu upande wa pili. Mkandarasi simtaji. Vipimo nimechukua mwenyewe kwa futi kamba, kabla ya masika na baada ya masika.

Viraka vya safari hii vimenishangaza kwa uzuri, angalau vile vya mwanzo. Gengi lilikuja na mashine ya kukatia lami, likakata kila shimo pembe nne, kingo zikasimama wima, na mkato ukapita sentimita kumi hivi nje ya pale nyufa zinapoishia. Hiyo ndiyo tofauti ya kiraka cha miaka na kiraka cha wiki. Ukijaza shimo kwa umbo lake la mviringo, lami pembeni inakuwa nyembamba kama ukingo wa chapati, na tairi huanza kumegua hapo hapo. Kisha wakachimbua kifusi kilicholowa hadi kwenye udongo mkavu, wakarudishia kokoto zilizochanganywa na vumbi lake, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likipigwa kompakta, ile mashine ya kushindilia.

Halafu ikaja lami ya maji, ile ya kupaka ili kiraka kishikane na barabara. Ikimwagwa huwa ya kahawia. Inatakiwa isubiriwe mpaka igeuke nyeusi tii, maana hapo ndipo maji yake yamejitenga na kuondoka. Mafundi wengi hawana subira hiyo. Wanatupia lami ya moto juu ya kahawia, na kwa kweli wanakuwa wamebandika kiraka juu ya maji. Hawa walisubiri. Walikaa chini ya mwarobaini wakinywa maji, wapita njia wakawaona wavivu, kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Mashimo ya mwisho karibu na kona ndiyo yaliyoharibu sifa. Lori lilikuwa limesimama na lami ya moto tangu asubuhi, na kufika alasiri ilikuwa inatoka kwa mabonge. Lami ikishapoa kufikia nyuzi 80 hivi za Selsiasi, hata uipige kompakta siku nzima haishikamani. Dalili ni rahisi: uso wake umepauka, una vitundu, na ukikwaruza kwa kisigino kokoto zinabanduka. Tena kiraka kizuri huachwa kimeinuka milimita tatu hadi tano, kwa kuwa magari yatakishindilia zaidi. Hivi vya kona vilisawazishwa na barabara siku ile ile, sasa vimezama sentimita moja na vinatuamisha maji. Maji yakituama juu ya lami yenye vitundu yanapenya hadi chini, kokoto zinalainika, na kila gari linalopita linazisukuma nje pamoja na tope.

Sasa mtaro. Hapa ndipo nina ugomvi, kwa sababu mashimo mengi ya barabara hii yameletwa na mtaro: ukiziba, maji hupanda barabarani.

Una upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 80, na mchanga ulikuwa umejaa hadi nusu. Piga hesabu: kipande cha mita 100 kina mita za ujazo 24 za mchanga, chupa na tope. Hizo ni safari tano za lori la mita za ujazo tano. Lori lilikuja mara moja. Zilizobaki zilirundikwa ukingoni mwa mtaro ule ule, na kazi yenyewe ilifanyika Aprili, katikati ya masika. Mvua mbili tu, mchanga ukarudi ulikotoka. Kusafisha mtaro kunatakiwa kuishe Februari, kabla masika haijaanza Machi, na tena Septemba kabla ya vuli. Malipo nayo yangehesabiwa kwa mita za ujazo zilizofika dampo. Mkandarasi akilipwa kwa urefu wa mtaro "uliosafishwa", ataurundika mchanga pembeni tu. Hata mimi ningefanya hivyo.

Lawama nyingine ni yetu sisi wakazi. Kila mwenye geti amepitisha bomba lake ndani ya mtaro ili gari livuke, mwingine la inchi 12, mwingine jembamba zaidi. Mtaro wote unabeba maji kwa kadiri ya bomba lililo jembamba kuliko yote. Ndiyo maana huwa namwambia mtu asibanie ukubwa wa kalavati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara: la kipenyo cha sentimita 90, kwa mtelemko uleule, linapitisha maji karibu mara tatu ya la sentimita 60, na mtu anaweza kuingia kulizibua.

Mifuniko inastahili aya yake. Mmoja una sentimita 60 kwa 90 na unene wa 10, yaani kama kilo 130 za zege. Ilimwagwa bila matundu ya kunyanyulia. Kwa hiyo wasafishaji wakifika, hawana la kufanya ila kuipiga kwa sururu pembeni hadi mtaimbo upenye, na kila usafi unaacha mifuniko kadhaa imemeguka. Uliovunjika karibu na duka nimeuchungulia: nondo ziko juu, sentimita mbili tu kutoka usoni. Mfuniko ukikanyagwa na gurudumu unapinda kwenda chini, kwa hiyo unachanika kuanzia upande wa chini, na huko ndiko nondo inapotakiwa. Vipande vya zege vya sentimita mbili na nusu vikiwekwa chini ya nondo kabla ya kumwaga vinatosha kuishikilia mahali pake. Havina gharama.

Njia ya waenda kwa miguu sina mengi. Peving, yale matofali ya zege ya kutandika chini, ni za unene wa sentimita sita, zinatosha kwa miguu, hazitoshi kwa magari yanayopanda kuegesha. Za magari ni za nane. Upande usio na kingo za zege zimeanza kutawanyika.

Ukitaka kuripoti, kwanza jua barabara ni ya nani: kuu na za mkoa ziko TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za wilaya na mitaa ziko TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017, na taka ni za halmashauri. Chupa ndani ya mtaro wa barabara iko katikati ya mwenye barabara na halmashauri, kwa hiyo andika barua kwa wote wawili na nakala kwa mtendaji wa mtaa, upate mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Weka namba ya nguzo ya umeme iliyo karibu, vipimo vya shimo, na picha yenye futi kamba ndani yake. "Barabara yetu mbovu" haimpi mhandisi kitu cha kuweka kwenye makadirio. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mipango yake inapangwa miezi mingi kabla. Kazi kubwa kama kupanua kalavati iandikie barua Oktoba au Novemba. Ya Machi itakuta makadirio yameshafungwa.

Mifuniko mitatu niliyoiripoti kwa mtindo huo, miwili imebadilishwa baada ya wiki tatu, na safari hii ina matundu ya kunyanyulia. Wa tatu, wa pale dukani, kwa sasa umesimamishiwa tawi la mti lenye kitambaa chekundu.