Miezi Sita na Mlinzi Mwenye Bunduki Mlangoni: Tathmini ya Huduma ya Ulinzi Jijini Tanga

Duka langu la jumla liko Ngamiani, na pembeni yake nina dirisha la uwakala wa fedha kwa simu. Kwa miezi sita nimekuwa mteja wa kampuni ya ulinzi ambayo sitaitaja jina. Niliingia nayo mkataba wa walinzi wawili: wa mchana mwenye bunduki, na wa usiku mwenye kirungu, tochi na filimbi. Yule wa bunduki alinigharimu karibu mara mbili ya mwenzake, nami nilikubali bila kuvuta bei, kwa kuwa mawakala ndio wanaoviziwa saa za kufunga.

Mlinzi wa usiku sina neno naye. Ni mzee mtulivu anayefika kabla ya magharibi, hukagua kufuli zote pamoja nami, huandika katika kitabu cha matukio hata gari lililoegeshwa mahali pasipo pake, na majirani wote wa mtaa wanamfahamu kwa sauti ya filimbi yake.

Taabu ilikuwa mchana. Asubuhi moja katika mwezi wa pili wa mkataba, mlinzi aliketi kunywa uji, na bunduki akaiegemeza kwenye magunia ya sukari, mkanda wake ukining'inia kimo cha mtoto. Mtoto wa mteja, aliyefuatana na mama yake kununua unga, akaushika ule mkanda akauvuta. Kitako kiliteleza sakafuni, nami nikaiwahi kabla haijaanguka. Mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kuhesabu chenji. Nilipomuuliza kijana yule kama ilikuwa na risasi, alinijibu kwa upole, "Ina mbili, mama. Nisamehe, sijalala tangu jana." Aliyetakiwa kumpokea zamu hakuja, na ofisi ikamwongezea zamu ya pili papo hapo.

Simlaumu yeye. Lawama yangu ni kwa waliomkabidhi silaha mtu aliyekesha, tena ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alifyatua risasi mara moja tu siku ya mafunzo. Baadaye nikagundua jambo zito zaidi: gari la kampuni likichelewa jioni, walinzi huirudisha silaha ofisini kwa bodaboda, imefungwa katika mfuko wa sandarusi. Nilimwuliza msimamizi nani anahesabu risasi zinapotoka na kurudi. Alinibadilishia mlinzi ndani ya siku mbili, jambo ambalo nalishukuru, lakini swali langu halikujibiwa hadi leo.

Sisi wa Tanga hatuna haja ya kusimuliwa maana ya silaha kuangukia mikono mibaya. Mwanzoni mwa mwaka 2015 askari waliporwa bunduki hapa hapa mjini, na mwezi Februari milio ya risasi ikasikika kwenye mapango ya Amboni, polisi na wanajeshi wakipambana na watu wenye silaha. Julai ya mwaka huo huo kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, watu wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Tarehe 25 Agosti 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini humo, mtu mmoja aliwaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi, na sehemu ya silaha alizotumia alikuwa amewanyang'anya askari aliowapiga risasi. Ikiwa askari aliyepitia chuo anaweza kuporwa, kijana mwenye usingizi mlangoni pangu, pamoja na wateja waliopanga foleni mbele yake, wana kinga gani? Bunduki ni mali inayotafutwa na wahalifu pengine kuliko fedha zilizomo drooni, na kampuni isiyojua kuilinda inaniletea hatari niliyoilipa iniondolee.

Kwa hiyo nimesitisha huduma ya mlinzi mwenye silaha. Fedha za mauzo sasa nazipeleka benki kabla ya alasiri, badala ya kuzilimbikiza hadi usiku, na tumekubaliana wenye maduka wanne kufunga kwa wakati mmoja. Benki na vituo vya mafuta huenda haviwezi kufanya hivyo. Wanaohitaji bunduki, nawasihi waombe kuonyeshwa leseni ya silaha chini ya sheria ya mwaka 2015, waulize inalala wapi, na wafike ofisini jioni moja waone kwa macho yao inavyopokelewa.

Mlinzi wa usiku ninampendekeza kwa moyo wote. Mkataba wake ninauhuisha mwezi ujao, kwa sharti moja ambalo safari hii limeandikwa: ikifika saa kumi na mbili asubuhi, asiongezewe zamu ya pili, na mzee aende akalale.